Mhariri, hizo siku 21 za kila Januari huku Moshi hazitufikishi popote

Ndugu Mhariri,

Heri ya mwaka mpya na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, ikionekana ndefu kata tu ila ile sehemu ya uzi wa kujipimia kiuno usiiguse, hiyo ndo itawafaa wasomaji wako kuliko maneno yangu mengine. Mi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, nashonea barazani nje ya duka la vitambaa, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku kwasababu mwenye duka ananunua, akimaliza kurasa za michezo ananirushia mimi. Sasa wiki ya kwanza ya Januari mmetoa kurasa za afya, mwaka mpya mwili mpya, ratiba ya siku 21, amka saa kumi na moja ukimbie, asubuhi shayiri na weupe wa mayai mawili, mchana samaki wa kuoka na brokoli, jioni saladi, alafu chini kabisa kwa maandishi makubwa mkaandika ukifanya kitu siku 21 mfululizo kinageuka tabia na hutakiacha tena. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo, mwaka juzi pia, picha tu ndo inabadilika.

Hiyo 21 ndo nina ugomvi nayo. Mwanangu anasoma uuguzi, alikuwa nyumbani likizo, nikamuonyesha ukurasa wenu akacheka akashika simu akaanza kunitafutia imetoka wapi. Kumbe kuna daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake aliowarekebisha sura, pua na kadhalika, walikuwa wanachukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Angalau, na ni kuzoea pua. Watu wakaitoa hiyo angalau, wakaitoa na pua, ikabaki 21 peke yake inazunguka dunia mpaka imefika kwenye gazeti letu huku.

Waliokaa chini wakapima ni akina Phillippa Lally wa University College London, matokeo yao yalitoka 2009. Walichukua watu 96, kila mtu akachagua kitu kimoja tu cha kula au kunywa au mazoezi, akakifunga kwenye kitu ambacho tayari anakifanya kila siku, mfano nikishamaliza chai ya asubuhi nafanya hiki, alafu wakawafuatilia wiki 12 waone ni lini mtu anafika pale ambapo anafanya bila kujilazimisha. Wa haraka kabisa siku 18, wa katikati siku 66, na kwa hesabu zao kuna ambaye angefika siku 254. Kunywa glasi ya maji kulizoeleka mapema, mazoezi yakachelewa. Na hii ndo niliyoipenda mimi, mtu akiruka siku moja haikuharibu chochote, kesho yake anaendelea kama kawaida, wakati ratiba yenu nyie inasema mfululizo, yani ukikosa Jumanne moja umeshatoka kwenye mstari, na mtu wa kawaida akishatoka kwenye mstari anasema basi, tutaanza upya mwakani.

Chukueni kalenda mhesabu na mimi. Ukianza Januari 1, siku ya 21 ni Januari 21. Siku ya 66 ni Machi 7. Siku ya 254 ni Septemba 11. Sasa huku kwetu Januari 21 hakuna kitu kigumu bado, jua kali, barabara kavu, mlima uko wazi asubuhi unaonekana mpaka theluji, kila mtu ana raba mpya au za mtumba za soko la Memorial, na wengi wanajiandaa na Kili Marathon ya mwishoni mwa Februari. Ukipita njia ya Chuo cha Ushirika jioni unakutana na watu wamevaa tisheti za mbio za mwaka jana wanahema, wanataka wakipande kile kipande cha mlima cha Mweka bila kutembea. Mimi sina neno na hao, wakimbie. Ila mbio zinakwisha, Jumatatu yake mtu anatembea kama ana miguu ya kuazima, anapost medali, na raba zinatundikwa. Alafu inaingia Machi, masika yanapiga hodi, ile njia ya vumbi ya kuelekea Msitu wa Rau inakuwa tope tupu, asubuhi giza na manyunyu. Hiyo ndo tarehe ambayo wale Waingereza wanasema mtu wa katikati ndo kwanza anaanza kuzoea. Yani gazeti linamuaga msomaji Januari 21 na cheti mkononi, wakati safari yenyewe inamkuta Machi kwenye mvua na hakuna anayemwandikia kitu.

Nyie mnaijua Januari kwa wasomaji, mimi naijua kwa viuno. Desemba Moshi si mnaijua, mabasi kutoka Dar yamejaa, Wachaga wote wako njiani kurudi nyumbani, Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, huku mjini foleni kama vile na sisi tuna daraja la Kigamboni. Kuna harusi, kuna kipaimara, kuna ubatizo, kuna vikao vya ukoo, na kila kimoja kina sare yake, sisi mafundi tunalala saa nane usiku. Basi nguo za Desemba ninazishona na akiba kubwa ndani ya mshono, makusudi kabisa, pande mbili, maana najua zitarudi. Na zinarudi. Kuanzia wiki ya pili ya Januari anakuja mama na gauni lake kwenye mfuko, fundi limenibana hapa kidogo niachie, anasema limesinyaa kwenye maji. Kitenge cha nta kisinyae mbavuni tu, mikononi kisisinyae! Namwambia sawa mama yangu, leta. Nafumua kwa wembe, na hapo ndo kazi yangu inanionyesha vitu ambavyo daktari hawezi kuviona, kwasababu ndani ya mshono kitambaa kinakuwa bado kipya, rangi yake imeiva, nje kimepauka, na kila mahali niliposhona zamani kuna vitundu vya sindano. Gauni la miaka kadhaa ukilifumua unakuta mistari ya vitundu, mmoja nje ya mwingine, kila mstari ni Januari yake. Mwishowe akiba inakwisha, naanza kuweka kipande cha pembeni cha rangi nyingine na tunaita ni mtindo.

Ila kuna wachache wanaokuja kupunguza, na kati ya hao kuna wachache zaidi ambao wakishapunguza hawarudi kuachia. Hao nimewachunguza sana, maana ukimpima mtu anaongea, sijui kwanini, ukimzungushia futi tu anaanza kukueleza maisha yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia alianza na ratiba ya gazeti. Mmoja ni mwalimu, anakaa njia ya hospitali ya KCMC, nauli ilipanda ikampanda kichwani akaanza kushukia kituo cha nyuma na kumalizia kile kimlima kwa miguu, kila siku ya kazi, na mabegi ya madaftari. Anasema mwanzo alikuwa anakasirika njia nzima. Siku hizi hata akipewa lifti anaomba ashushwe palepale, majirani wanadhani ana deni dukani huko juu anaogopa kuonekana kwenye gari. Mwingine ni kijana wa bajaji, yeye kila saa nne alikuwa na soda na chapati mbili, akaambiwa sukari inanyemelea, soda ikabaki ya Jumapili baada ya kanisa, siku nyingine anashika chupa ya maji saa ileile, kwenye kivuli kilekile, na wenzake walewale. Chapati hajaacha na mimi sikumuuliza. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, fikiria mtu anakunywa moja kila siku ya kazi mwaka mzima alafu anaambiwa aanze na brokoli.

Mnaona walichofanya? Hawakuongeza kitu kipya kwenye siku. Walichukua kitu ambacho kipo kipo tu, kushuka kwenye Hiace, mapumziko ya saa nne, wakakigeuza kidogo. Ratiba yenu inamtaka mtu awe na siku mpya kabisa, amka mpya, chakula kipya, nguo mpya, na hiyo siku hana, ana ileile ya jana yenye watoto wa kupeleka shule na maji ya kukinga kabla hayajakatika. Ndo maana gym Januari inajaa mpaka watu wanasubiriana mashine, na Aprili ukipita dirishani unaona wale wenye vifua walewale wa siku zote. Wengine wamelipa mwaka mzima kwa mkupuo kwasababu walipewa punguzo. Mwisho wa 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, na mtaani kwetu tulijitokeza kwa shangwe, tukakimbia, tukapiga picha, baadaye ikafifia. Wazo lilikuwa zuri tu, lakini mara moja kwa mwezi ni tarehe ya kukumbuka, na ukiwa na mambo mengi unaikumbuka Jumapili.

Na hapa kuna kitu cha kuchekesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kumfanya aheme kidogo, kutembea kwa kasi tayari kunahesabika, na siku mbili au zaidi za kazi ya kutumia nguvu za misuli. Gawa hizo 150 kwa siku saba, unapata dakika 21 na ushee. Kumbe 21 ipo, ila ni ya dakika! Hiyo ndo mngeiandika kwa maandishi makubwa. Na miongozo yao ya 2020 iliondoa lile sharti la zamani la lazima ufululize dakika kumi ndo zihesabike, kwahiyo hata ukitembea kidogo kidogo, kwenda sokoni, kurudi, kupanda kwa mama mkwe Kibosho kufuata ndizi, vyote vinaingia. Bibi zetu vihambani, kwenye mashamba ya migomba, wanaobeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka chini mpaka juu wameshamaliza dakika zao kabla wewe hujafunga kamba za raba. Sisemi maisha yao ni mepesi, magoti yao nayajua, nasema tu mwili haujui kama umelipia.

Hiyo ya kuamka saa kumi na moja naomba niiseme haraka maana inaniudhi. Aliyeiandika ni mwanaume, au anakaa ndani ya geti. Huku Januari jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, saa kumi na moja ni giza totoro, mbwa wamefunguliwa, taa za barabarani ziko baadhi ya mitaa, na mwanamke peke yake kwenye njia ya migomba anakimbia nini. Barabara nyingi hazina sehemu ya mtembea kwa miguu, ukikaa pembeni bodaboda nazo zinataka pembeni. Wateja wangu wanaotembea kweli wanatembea saa kumi na moja jioni, wakifunga biashara, wawili wawili, na stori juu yake, na hawa wawili wawili ndo hawaachi kwasababu mmoja akitaka kuzembea mwenzake anampigia simu niko nje hapa.

Chakula. Shayiri ya pakiti, brokoli, samaki wa kuoka. Jamani Januari! Ada, sare, madaftari, viatu vya mtoto aliyekua miguu usiku mmoja, kodi ya nyumba, na nusu ya watu wametoka kumaliza kila kitu kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na kreti za bia. Mtu anasoma hiyo orodha anaona kula vizuri ni mambo ya wenye nazo, anafunga gazeti anarudi kwenye chipsi mayai. Wakati hapo Mbuyuni sokoni kuna mnafu, mchicha, matembele, kuna maharage ya aina zote, dagaa, kuna maparachichi ambayo msimu wake yakizidi tunawapa hadi kuku, kuna ndizi ambazo watu wa mikoa mingine wanatuonea wivu. Machalari yetu ya ndizi ikipikwa na nyama kidogo na mboga pembeni ina ubaya gani? Tatizo letu liko kwenye mkono. Mkono wa chumvi, mkono wa mafuta, mkono wa sukari kwenye chai ya maziwa. Chumvi ya mtu mzima kwa siku inatakiwa isizidi gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai cha kufuta juu, na hapo ni pamoja na ile iliyoko kwenye mkate na kwenye vile viungo vya mchuzi vya pakiti, sasa wewe umepika na chumvi, umeweka cha pakiti, na mezani kuna kikopo. Kuna mama mmoja wa genge aliniambia yeye alichofanya ni kukiondoa tu kile kikopo cha mezani akakiweka juu ya kabati, mume akitaka ainuke. Mume hainuki. Wiki ya kwanza alinuna, sasa anasema chakula cha hotelini kina chumvi nyingi siku hizi.

Haya, uzi. Mizani ninyi mnaisema sana, kilo ngapi, kilo ngapi, lakini watu wengi hawana mizani nyumbani, na ile ya barabarani ya kijana mwenye ndoo kila mtu anapanda na viatu na simu na funguo. Chukua uzi wowote usiovutika, hata kamba ya katani. Simama vua viatu, mtu akupime nao kuanzia kisigino mpaka utosini, kata hapo. Ukunje katikati upate nusu. Sasa hiyo nusu izungushe tumboni, usawa wa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, karibu na kitovu, pumua kawaida, usivute tumbo ndani maana hapa hakuna wa kumdanganya. Ncha zikipitana, uko vizuri upande huo. Zikigusana tu au zisipofika, kiuno chako kimefika au kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili kwamba mafuta yamekaa ndani huko kwenye ini na utumbo, ambayo ndo rafiki wa presha na kisukari na moyo. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unasema hivyohivyo, kiuno kisifike nusu ya urefu, na ukifika asilimia 60 ya urefu hatari ni kubwa zaidi. Kwa wanaopenda namba, kipimo kingine kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, kwa futi yangu ni inchi 37 na inchi 31 na nusu, kuanzia hapo anza kujiuliza. Wajawazito na watoto wadogo hii haiwahusu. Na uzi haupimi presha, presha nenda kapimwe, inaweza kukaa 140 kwa 90 na zaidi miaka na wewe unajisikia mzima kabisa.

Ila wanaume nawaomba msinijibu kwa namba ya suruali. Hii naiona kila wiki. Baba anakuja, fundi mimi ni 36, tangu nioe ni 36, na kweli suruali ni 36, ila zamani ilikuwa inafungwa kitovuni, sasa inafungwa chini kabisa, tumbo limekaa juu ya mkanda kama balkoni. Nikimpima pale panapotakiwa ni 43, anasema futi yangu imevutika. Nina futi mbili, natoa ya pili.

Uzuri wa uzi ni kwamba hauhitaji hesabu na hauhitaji Januari. Unautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, mwisho wa mwezi unajizungushia, basi. Kuna wateja nimewakatia wa kwao, nimewapa bure, hata hao wakija kuachia nguo tunacheka.

Kitu kingine ambacho watu wa kurasa za afya hamkiangalii ni Kwaresma. Huku Moshi Wakatoliki na Walutheri tuko wengi, na nimeona watu ambao Januari walishindwa kuacha bia wiki mbili, Kwaresma wanakaa siku zote 40 bila bia na wengine bila nyama, na ndugu zetu Waislamu Ramadhani wanakaa mwezi mzima bila hata maji mchana kwenye joto la huku. Mwili ni uleule na mtu ni yuleyule. Tofauti ni kwamba nyumba nzima inajua, jumuiya inajua, hata muuza bia anajua, hakuna anayekushangaa ukikataa. Wakati Januari ukikataa bia unaulizwa unaumwa? umekatazwa na daktari? au umeokoka? Kwahiyo mtu anayetaka kubadilika peke yake kimyakimya kwenye nyumba ya watu saba anajitafutia tabu, aanze kwa kuwaambia wanaopika na wanaokula naye. Na Pasaka ikifika ndo tunajua nani alikuwa anafunga na nani alikuwa anasubiri, jamani zile foleni za kitimoto!

Sasa ombi langu, Mhariri. Hizo kurasa mnazotoa Januari zigaweni. Robo ukurasa tu kila wiki mwaka mzima ingetosha. Machi mtuandikie mtu afanye nini mvua ikinyesha siku nne na ana chumba kimoja na watoto. Juni na Julai huku baridi, asubuhi ukungu, hakuna anayetaka maji ya kunywa, kila mtu anataka chai na maandazi, tuandikieni hapo. Septemba wakumbukeni wale wa siku 254. Na zaidi ya yote Desemba, maana Desemba ndo inayonipa mimi kazi na nyie hamuandiki chochote cha afya, kurasa zote matangazo ya kreti na nauli za mabasi. Mtu amejitahidi miezi kumi na moja, anapanda kwao mlimani wiki mbili, kila nyumba anayoingia anawekewa sahani na akikataa shangazi anasema umekuwa Mzungu. Anakataaje shangazi? Hiyo ndo ningependa mtaalamu wenu wa lishe aijibu. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, bakuli ngapi, mbege, pombe yetu ya ndizi, kata ngapi kwa mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda, ndafu akila mchana jioni ale nini, na kama baada ya kula kuna kushuka na kupanda kwenda kusalimia ukoo mzima kwa miguu hilo linasaidia kiasi gani. Mpeni nafasi ajibu kabla Desemba haijafika, mi mwenyewe nitalikata nilibandike hapa barazani juu ya cherehani, wateja wasome wakati nawapima.

Ni mimi fundi wa barazani,
Moshi mjini